Kodi ya meza ya kila siku ndo inatumaliza

Ndugu Mhariri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana kuna msomaji mwenzetu, mwanaume, aliandika humuhumu kwamba wanawake wa siku hizi hatujui kubana matumizi, eti hela tunazoachiwa zinaishia kwenye vocha na kusuka, na mwisho akatupa ushauri, tuandike bajeti, tuache vitu visivyo vya lazima, tupike nyumbani. Nikacheka. Huyu kaka anadhani sisi tunakula wapi kama sio nyumbani? Mimi naishi Pasua hapa Moshi, nina watoto wanne, mume wangu ni bodaboda, nywele nasuka twende kilioni na anayenisuka ni jirani yangu, bure. Sasa hapo niache nini.

Ninachotaka kusema ni kimoja tu ila kina matawi mengi. Kinachotumaliza sisi wa kipato cha chini sio ubadhirifu, ni vile hela inavyoingia ndani. Baba anaondoka alfajiri anaacha elfu saba mezani, ndo kodi ya meza hiyo, imetoka. Elfu saba haiwezi kununua kitu kizima hata kimoja cha maana, inanunua vipande vipande, unga kilo na nusu, mafuta ya kupima ya jero, sukari robo, nyanya, mchicha, mkaa kisado kimoja, kipakti cha sabuni ya unga, alafu kesho asubuhi unaanza moja. Na kitu chochote kinachouzwa kwa kipande ni ghali kuliko kikiwa kizima, hilo hata Mangi wa dukani atakwambia ukimkuta ametulia, maana ndo faida yake ilipo, wala simlaumu na yeye ana watoto. Elfu saba kwa siku ni laki mbili na kumi kwa mwezi. Sema ukweli, laki mbili na kumi ukipewa mkononi siku moja na ile ya kupewa elfu saba saba, ni hela moja hiyo? Kwenye karatasi ndiyo. Jikoni hapana.

Chukua mafuta ya kula, mtu yeyote anaweza kulijaribu hili kwake. Tafuta chupa tupu ya maji ya nusu lita, ioshe ikauke, kila ukinunua mafuta ya jero mimina humo kabla hujapikia uangalie yanapanda mpaka wapi. Kwa huku kwetu jero nane ndo zinaijaza. Yaani nusu lita elfu nne, lita elfu nane. Wakati dumu la lita tano nililonunua mara ya mwisho lilikua elfu ishirini na nane, lita moja inakuja elfu tano na mia sita. Ni elfu mbili na mia nne kila lita tunayomwachia Mangi kwa sababu tu hatukua na elfu ishirini na nane siku moja. Bei zinapanda na kushuka najua, kwako zinaweza kua nyingine, lakini chupa hiyo haidanganyi, ijaribu. Ukishaona hivo kwenye mafuta nenda kwenye sabuni, sukari, majani ya chai, mkaa, hesabu ni ileile.

Alafu tunaambiwa haba na haba hujaza kibaba. Ya kuweka, sawa, inajaza. Ya kununua inamwaga.

Sasa wengine mtasema basi mwambie mumeo aache ya mwezi. Atatoa wapi? Kwa bodaboda, mwenye pikipiki anataka hesabu yake jioni, kibarua wa kubeba matofali analipwa akimaliza siku, mama muuza ndizi anashika hela yake jioni, wengi wetu maisha ni ya siku kwa siku, sio kwamba wanaume wanatuficha (wapo wanaoficha, hao tuwaachie Mungu na mama zao). Ndo maana ushauri wa redioni wa kugawa mshahara mafungu mafungu huwa unanipita kushoto, mshahara upi. Kuna siku nilisikia mtu anasema tujaze friza nyama ya mwezi mzima. Friza!

Nilichofanya mimi ni kuanza na kitu kimoja. Kimoja tu, na hapo ndo wengi wanakosea, wanataka wabadilishe nyumba nzima ndani ya wiki, wakishindwa wanarudi kwa Mangi na daftari. Nilitafuta kibubu cha mbao cha fundi seremala, kila siku nikawa natoa buku kwenye kodi ya meza kabla sijaenda kununua chochote, kabla, sio kilichobaki maana kinachobaki hua hakipo. Hiyo buku inauma kweli siku za mwanzo, mnakula ugali na mnafu bila kitoweo na watoto wanakuangalia. Ilipofika hela ya dumu nikavunja nikanunua mafuta. Kuanzia hapo ile jero ya mafuta ya kila siku haitoki tena, inaingia kibubuni inaungana na ile buku, kwaiyo kitu cha pili kinakuja haraka kuliko cha kwanza. Cha pili kilikua sabuni ya mche, boksi zima. Mche ukiukata vipande ukavipanga juu ya kabati kivulini vikakauka wiki kadhaa, unakua mgumu na haumalizwi na maji, wakati ile ya kununua kipande leo ukafulia leo inayeyuka kama pipi. Cha tatu sukari. Hivo hivo mpaka ukifika kwenye nafaka, na nafaka ndo penyewe.

Kwenye nafaka peke yako huwezi, nakwambia ukweli. Gunia la maharage sio hela ya kibubu cha mtu mmoja. Hapa mtaani tulikua na mchezo wetu wa kawaida wa kupeana hela, mmoja wetu akasema kwanini tusicheze chakula, tukakubaliana kila mama atoe elfu kumi kwa wiki, na hela haimwendei mtu, inaenda sokoni, tunagawana mzigo. Wa kwanza kubisha alikua mume wangu. Mimi Mchaga nimeolewa na Mpare, na mnajua utani wetu na hawa watu kuhusu hela, nikamwambia wewe Mpare mzima unakataa kitu cha kuokoa shilingi, ukoo wako wakisikia! Akakubali. Na kwa makande nakiri Wapare wametuzidi, wanayajua.

Wakati wa kununua ni wa mavuno. Maharage ya masika yanavunwa kuanzia mwezi wa sita, mahindi mwezi wa saba na wa nane, kwaiyo pale soko la Mbuyuni mwezi wa nane unakuta mzigo umejaa mpaka njiani na wauzaji wenyewe wanakuita. Subiri Desemba uone. Desemba hapa kwetu ndugu wote wanapanda kutoka Dar na Mwanza na kila mahali kuja kula Krismasi migombani, nauli juu, mbuzi juu, mchele juu, alafu Januari inaingia na madaftari, yunifomu na michango ya shule. Mtu mwenye debe tatu za maharage na mahindi yake ndani Januari anaiona kama mwezi wa kawaida. Asiye nazo ndo anakutana na wale wa mikopo ya kausha damu, anachukua laki moja ya ada anarudisha mpaka anauza kitanda. Nimeona nyumba zimevunjika kwa hilo, sitaji ya nani.

Mkienda sokoni nendeni wawili na mmoja awe mkali. Huku kaskazini tunapimiwa kwa sado, lile kopo la lita nne lililoanzia kwenye rangi, sado tano zinafanya debe. Geuza sado uangalie kitako. Kuna wajanja wanalipasha moto wanalibonyeza kwa ndani mpaka kitako kinapanda juu, ukiangalia kutoka juu limejaa vizuri na kichwa limewekewa, kumbe chini pamebebwa karibu kiganja kizima. Pitisha mkono chini, usione aibu. Sisi saivi tunabeba sado letu wenyewe kutoka nyumbani, muuzaji akikataa kulitumia basi umeshajua. Gunia nalo lifunguliwe mbele yenu mchote katikati sio juu, maana juu wanaweka yale mazuri yanayong'aa. Maharage ya zamani utayajua, rangi imefifia na hayaivi hata uyapikie mkaa wa gunia, bei nafuu yake yote inaishia jikoni.

Kuhifadhi ndo kunawashinda wengi mpaka wanakata tamaa, mtu ananunua debe mwezi wa nane, mwezi wa kumi anakuta unga wa dumuzi. Kwanza yawe yamekauka. Mahindi ya mashambani huku chini mtu anakuuzia yana unyevu ili yawe mazito. Mtaalamu wa kilimo mmoja alitufundisha njia ya chupa na mimi naipenda sana kwa sababu haihitaji chochote: chupa ya kioo kavu, tia chumvi kavu vijiko kadhaa, tia na mahindi kidogo yasijaze, ziba, tikisa kwa dakika chache, acha itulie kama robo saa. Chumvi ikiwa imeganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi, yarudishe juani kwenye turubai, sio chini kwenye udongo. Ikiwa imedondoka yote chini kavu, weka ndani. Msilichukulie poa hili, mahindi yasiyokauka yanaota kuvu na ile sumukuvu haitoki kwa kupika wala kwa kuosha, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, na Manyara ndo wanaotulisha sisi huku.

Baada ya hapo ni ile mifuko ya tabaka tatu, maduka ya pembejeo wanayo, miwili ya ndani ni plastiki na wa nje ni kiroba cha kawaida. Unajaza, unakamua hewa yote kwa mikono kama unakanda, unafunga wa kwanza kwa kamba, wa pili peke yake, wa tatu peke yake. Wadudu waliomo ndani wanakosa hewa wanakufa, hakuna dawa hata chembe, na ukiutunza usitoboke mwakani unautumia tena. Sasa kosa ni kuufungua kila siku uchote mboga. Ukifungua hewa inaingia, kwaiyo sisi tunafungua mara moja kwa mwezi, tunatoa ya mwezi mzima tunaweka kwenye ndoo yenye mfuniko, tunafunga mfuko palepale. Na hii inasaidia jambo lingine ambalo wanaume hua wanalisema na wana haki, kwamba chakula kikiwepo kingi ndani kinapikwa kingi. Kweli kabisa. Gunia likionekana linaisha, majirani wanaazima, wifi anaondoka na sado mbili kwenye kiroba. La kwangu liko uvunguni na anayejua ni mimi na baba tu, na sasa nyie wasomaji.

Unga. Mimi nyumbani tunakula dona na watoto wameshazoea, mwanzo walilia kidogo. Sembe ukikoboa unatoa kiini na ganda, ndo kwenye lishe kwenyewe, na uzito unapungua, debe lako linarudi pungufu. Na kama ni lazima ukoboe basi pumba ni yako, ubebe. Kuna mashine moja hapa jirani tulikua tunaacha pumba tunaona ni uchafu, kumbe mwenyewe anazijaza kwenye viroba anawauzia wafuga ng'ombe wa Kibosho na Uru huko juu, na hela ya kukoboa bado tunamlipa. Saivi tunabeba, tunawapa kuku, zinazobaki tunauza sisi. Dona lina kasoro moja, halikai muda mrefu kwa sababu ya mafuta ya kile kiini, linachacha, kwaiyo usisage debe zima kwa mkupuo, saga la wiki mbili.

Kwenye kupika hela iko kwenye moto kuliko kwenye chakula, hili watu wengi hawalioni. Maharage unanunua ya buku mbili alafu unayapikia mkaa wa buku mbili, hapo umekula maharage au umekula mkaa. Loweka usiku. Sisemi kitu kipya, bibi zetu walikua wanaloweka, sisi ndo tumeacha eti hatuna muda, kulala si unalala wakati yanalowana? Maji ya kulowekea mwaga, tumbo linapata nafuu. Alafu kapu. Chukua kapu kubwa au hata boksi, tandika nguo zilizochoka, blanketi kuukuu, lizunguke sufuria pande zote na juu uwe na mto wa kufunikia. Maharage yaliyolowekwa yachemke kwelikweli kama nusu saa jikoni, sufuria imejaa na mfuniko umekaa vizuri, toa ukiwa bado unatokota weka ndani ya kapu funika ondoka zako. Baada ya saa tatu nne unakuta yameiva au yamebakiza kidogo sana, unayachemsha tena unaunga. Ila ile nusu saa ya kwanza usiikwepe, hasa maharage mekundu, yana sumu yake ambayo bila kuchemka vizuri inawatapisha watoto. Wali ndo usiseme, ukishachemka na maji yamepungua unaingia kapuni unamalizikia humo na hauungui. Makande vilevile ila yanataka moto mrefu zaidi mwanzoni, na magadi ukiweka weka kidogo maana yanalainisha lakini yanaua vitamini.

Wengine mnachemsha maharage ya siku tatu mkiweka kwenye friji, vizuri. Sisi tusio na friji, Moshi hii ya Januari na Februari na lile joto, hayafiki kesho jioni, yanachacha. Chemsha ya leo na kesho asubuhi, uyachemshe tena usiku kabla hujalala bila kuyaunga, nyanya na nazi zinayaharibu mapema.

Kuhusu nishati, serikali inasema ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi. Mimi naitaka hata kesho asubuhi, nani anapenda moshi. Lakini angalia tatizo lilelile linavyorudi: gesi ni mtungi mzima. Kwa kodi ya meza ya elfu saba huwezi kununua robo mtungi kwa Mangi, ila mkaa kisado kimoja unaweza, kwaiyo maskini anaendelea na mkaa ambao kwa mwezi umemzidi bei mwenye gesi. Ndo maana kwenye kibubu changu baada ya mafuta, sabuni na sukari, gesi ya kilo sita ilikua ya nne. Ukienda kujaza angalia kwenye mtungi pamegongwa uzito wake ukiwa mtupu, mwambie muuzaji aweke kwenye mizani mbele yako, jumlisha mwenyewe, na asiye na mizani mpite. Moto ukiwa wa njano badala ya bluu jiko lina uchafu, safisha matundu, unapoteza gesi na masufuria yanakua meusi.

Umeme nao. Wengi hawajui kwamba kuna tarifu mbili za nyumbani. Ile ya wadogo, wanaotumia mpaka yuniti 75 kwa mwezi, ukinunua buku unapata yuniti nane na ushee. Ile ya kawaida buku hiyohiyo haikupi hata yuniti tatu. Sasa nyumba zetu za kupanga, vyumba sita mita moja, lazima yuniti 75 zivukwe, wote mnahamia kwenye ya ghali, hata yule mwenye taa moja na chaja. Tajiri mwenye nyumba yake na mita yake akibana anapata ya bei rahisi kuliko sisi wa chumba kimoja. Kama mwenye nyumba anaelewa, ombeni mita zenu, ni hela inayorudi. Na ile kodi ya jengo ya 1,500 kila mwezi inayokatwa kwenye LUKU ni ya mwenye jengo, sio ya mpangaji, kaeni mkubaliane aitoe kwenye kodi ya nyumba, kwa mwaka ni elfu kumi na nane, ni yunifomu ya mtoto hiyo. Dada mmoja kwenye kundi letu yuko kwenye ile tarifu ya chini na ana presha kuka ya umeme aliyotumiwa na kaka yake, maharage yaliyolowekwa anaivisha na haimalizi yuniti moja, yaani chini ya shilingi mia moja na hamsini. Mkaa gani utakupikia maharage kwa hela hiyo? Hicho ndo ninachokilenga mwakani, Mungu akipenda.

Mboga sina mengi, viroba vinne vya sukuma wiki na mnafu nyuma ya nyumba, maji ya kuoshea mchele na ya kusuuzia vyombo yasiyo na sabuni yanaenda huko, sukuma unachuma majani ya chini ya juu yanaendelea. Nyanya nenda sokoni jioni. Kitoweo sio lazima steki, mifupa ya supu kwenye mtori inalisha nyumba nzima, dagaa, utumbo, perege wadogo wa Nyumba ya Mungu, na msimu wa parachichi ukifika watoto wanakula parachichi na ugali wanashiba na ni mafuta mazuri hayo. Nguo ni mitumba ya soko la Memorial, nenda siku wanafungua belo ila hapo wanaume mniachie, hela ikipotelea huko nitakubali lawama.

Sukari nimeitaja nyuma, ngoja niseme kidogo. Sisi kiwanda cha TPC tunakiona hapo, lakini mwanzoni mwa 2024 mvua zile za El Niño zilipofanya viwanda vishindwe kuvuna miwa sukari ilipotea madukani na bei ikaruka, na aliyeumia ni wa robo robo. Mangi mwenyewe alikua anaficha anawauzia wateja wake wa daftari kwanza. Mwenye mfuko wake wa kilo tano ndani alipata muda wa kuvuta pumzi akasubiri. Hapo kukaa na akiba sio kulangua, kulangua ni kununua magunia uuze.

Daftari la Mangi nalo nisilipite. Linaokoa, mtoto akiumwa usiku nani mwingine atakupa. Lakini ukikopa huulizi bei, huchagui na hupunguziwi, anaandika yeye anasoma yeye. Kama huwezi kuliacha basi uwe na lako nyumbani, kila mtoto akitumwa andika na wewe, mwisho wa wiki mnalinganisha mbele ya kaunta kwa heshima. Utashangaa kinachopungua.

Kwa akina baba, ombi langu sio hela zaidi. Kama unaacha elfu saba kila siku jaribu siku za hela nzuri, wikiendi, sikukuu, siku ya mnada, uache ya siku mbili au tatu kwa pamoja, na ukae na mama mpange ile ziada inaenda kumaliza kitu gani kizima. Na usimwulize jioni mboga ni hii tu wakati dumu la mafuta liko ndani, hilo ndo limekula mboga ya leo na litailipa wiki ijayo. Kwa wale wenye mishahara ya mwezi wanaoendelea kuacha kodi ya meza ya siku kwa sababu wanaogopa mke akishika hela nyingi atafanya nini, hao sina la kuwaambia kwenye gazeti, waje Pasua tuongee.

Na kwako Mhariri. Gazeti lenu kila siku linaweka bei ya dola na pauni, mnaweka msimamo wa ligi ya Uingereza mpaka timu ambazo hatuwezi kuzitamka. Tuwekeeni na bei ya debe la mahindi na debe la maharage, mara moja tu kwa wiki, kona hata ndogo: Mbuyuni hapa Moshi, Kilombero pale Arusha, na Tengeru. Sisi kwenye mchezo wetu tunalipa nauli ya mtu kwenda kuulizia tu bei alafu anarudi mikono mitupu, na wakati mwingine tofauti ya soko moja na lingine inatosha kulipa guta na kubaki. Tengeru gulio ni Jumatano na Jumamosi. Mwandishi wenu aende asubuhi mzigo ukiwa unashushwa, akienda jioni atakuta bei za kumalizia na zitatudanganya.

Mama wa watoto wanne,
Pasua, Moshi